Rafiki anapokuomba umpigie picha za harusi

Kamati ya harusi imekaa kikao cha nne. Michango haijafika ilipotarajiwa na bajeti lazima ipunguzwe. Ukumbi umeshalipiwa, chakula hakiguswi, MC ameshapewa kianzio. Kinachobaki kukatwa ni fungu la mpiga picha. Ndipo mmoja anakumbuka kuwa fulani ana kamera nzuri, na picha anazowapiga watoto wake huwa zinapendeza. Jioni simu yako inaita.

Msomaji wangu, ukipokea simu hiyo usijibu palepale. Kuombwa ni heshima, lakini ni mzigo pia. Ukikosa picha ya mwanao akizima mishumaa ya keki, mwakani atazima tena. Pete ikishavishwa imevishwa. Picha zikiharibika, rafiki yako hatakudai fedha, kwa kuwa hakukulipa. Atanyamaza tu, na ukimya wa namna hiyo umeshapoza urafiki wa miaka mingi.

Kwa hiyo anza na maneno kabla ya kamera. Mwonyeshe rafiki yako picha ulizopiga ndani ya nyumba na usiku, siyo zile za ufukweni jua likiwaka. Mwambie unachoweza na usichoweza. Mficha uchi hazai. Kama kamati inaweza kumpata fundi wa saa mbili tu kwa ajili ya ndoa yenyewe, wewe ukachukua saluni, nyumbani na ukumbini, huo ni mpango mzuri kuliko kubeba yote peke yako.

Mkikubaliana, andikianeni hata kwa ujumbe wa simu: utaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi, picha zitakuwa tayari lini, nani atagharamia albamu, na kama kazi hiyo ni zawadi yako ya harusi. Kauli ya "sisi ni marafiki, hatuandikiani" imegombanisha wengi.

Mweleze na mwenzako nyumbani. Siku hiyo hutakuwa mgeni mwalikwa. Hutakaa naye mezani, hutacheza naye, na watoto wakichoka saa nne usiku yeye ndiye atakayewarudisha. Ajue mapema, asije akajua akiwa ukumbini.

Wiki moja au mbili kabla, tembelea kanisa na ukumbi saa ileile ya shughuli. Tazama mwanga unaingilia wapi. Muulize padri au mchungaji usimame wapi, na kama flashi inaruhusiwa wakati wa ibada. Kwa harusi ya Kiislamu, mara nyingi bwana harusi anafungishwa ndoa msikitini huku bibi harusi akiwa nyumbani, na huwezi kuwa kote kuwili. Shughuli ya wanawake inahitaji mpiga picha mwanamke, na familia iseme wazi kama picha hizo zinaruhusiwa kutoka nje ya nyumba.

Sasa vifaa. Shida kubwa ya harusi zetu ni mwanga hafifu. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi ya lenzi ya kawaida ya 18-55 iliyovutwa hadi mwisho, ambako tundu lake ni f/5.6. Kama huna, azima. Azima pia kamera ya pili, kwa sababu kamera inaweza kuzima bila kuaga. Chukua betri tatu zilizojaa chaji na memori kadi kadhaa. Usitegemee kadi moja kubwa: ikiharibika, imeondoka na harusi nzima.

Fanya mazoezi nyumbani usiku. Mwambie mwanao atembee sebuleni, umpige kwa kasi ya 1/125, kisha acheze, umpige kwa 1/250. Pandisha ISO hadi 3200 uone picha zinakuwaje. Chembechembe kidogo zinavumilika, lakini sura iliyotikisika haitengenezeki. Kumbuka pia kuwa shela jeupe likijaza picha, kamera hudanganyika ikadhani mwanga ni mwingi, na nyuso zetu zikatoka nyeusi tii bila macho. Ongeza mwanga kidogo na upige kwa mfumo wa RAW, ili hata zile taa za zambarau za ukumbini uweze kuzirekebisha baadaye.

Kisha omba orodha ya picha za familia: wazazi wa bwana, wazazi wa bibi, mashangazi, wajomba, babu na bibi. Kila kundi hula dakika tatu hivi, hivyo makundi 10 ni nusu saa. Omba shangazi mmoja mwenye sauti, anayezijua pande zote mbili, awe wa kuwaita watu. Wewe huwezi kumjua baba mdogo aliyetoka Songea, wala huwezi kumwamuru asogee. Anza na wazee ili wakapumzike, na watoto wadogo kabla hawajachafua nguo.

Siku yenyewe, kula kabla ya kutoka na vaa viatu vya kusimamia. Wengi watakaa na simu zao juu kumtazama bibi harusi akiingia. Wewe mtazame pia mama yake. Uso wa mzazi dakika ile hakuna simu inayoukumbuka, na ndiyo picha watakayoitafuta miaka 20 baadaye.

Ukirudi nyumbani, hata kama ni alfajiri, nakili picha zote kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje kabla hujalala. Usifute kadi mpaka maharusi wamepokea kazi yao. Wala usirushe picha hata moja mtandaoni kabla wao hawajaziona na kukuruhusu.

Na kama baada ya kuyapima haya unaona huwezi, mwambie rafiki yako leo, kamati ikiwa bado ina muda wa kutafuta mwingine. Toa mchango wako, vaa nguo yako ya harusi, nenda ukashangilie. Hilo nalo ni tendo la rafiki.