Ungo haujawahi kuruka, Chala wala kwingineko

Kila ninaposema mbele ya watu wa Dar es Salaam kwamba kwetu ni Chala, wilayani Nkasi, hakosekani mtani wa kuuliza: "Umekuja na basi au na ungo?" Wanacheka, maana kwao Sumbawanga na sisi majirani zake ni nchi ya wachawi wanaoruka kwa ungo. Nami, niliyeshuka Mbezi miguu imevimba baada ya kuzunguka Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro, nacheka nao. Utani siukatai. Nisichokivumilia ni kile kinachokuja kicheko kikishaisha, pale mmoja wao, mara nyingi msomi, anapokunja uso na kutamka: "Lakini jamani, Wazungu uchawi wao wameutengenezea ndege, sisi wetu ni kurogana tu. Wazee wa Sumbawanga wangeutoa hadharani, tungekuwa na jeti zetu."

Watu hutikisa vichwa kana kwamba wamesikia hekima. Hayo ni matusi, na yanawapata watu wawili kwa mpigo: aliyetengeneza jeti na babu yangu.

Frank Whittle, ofisa kijana wa jeshi la anga la Uingereza, aliomba hataza ya injini yake mwaka 1930. Mwaka 1935 hataza hiyo ikafa kwa pauni 5 za ada. Wizara ya anga ilikataa kuilipia, naye mwenyewe hakuwa nazo. Injini iliwaka mara ya kwanza 1937, na ndege yake ikaruka 1941. Wajerumani nao, na Messerschmitt Me 262 yao, walihangaika vilevile. Ilipojaribiwa kwa injini za jeti Julai 1942, mkia uligoma kuinuka, na rubani Fritz Wendel ikambidi aguse breki huku ndege ikiwa katika mbio za kuruka, ndipo ukanyanyuka. Hebu fikiria roho ya mtu yule. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa chuma. Nikeli na kromi zilikuwa adimu Ujerumani wakati wa vita, vyuma vya injini ya Jumo 004 vikashindwa kustahimili moto, na injini mpya kabisa ikawa inachoka baada ya saa 10 hadi 25 hivi. Uchawi gani huo unaounguza vyuma vyake ndani ya siku chache?

Sasa nionyesheni kumbukumbu za ungo. Nani aliuunda? Wa kwanza ulianguka wapi, na wa pili ukarekebishwa nini? Mwaka 1978 vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin vilipoanza, ndege zetu za kivita zilitunguliwa karibu na Musoma na askari wetu wenyewe, waliodhani ni za Amin. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ikafika mpaka Mwanza kutafuta maghala ya mafuta, ikakosa shabaha, ikaua swala wa kisiwa cha Saanane. Taifa zima lilikuwa linatazama juu. Kikosi cha nyungo kutoka kwetu Ufipa hakikuonekana.

Na babu yangu? Kinachouma ni kwamba uwanda huu wa Ufipa una historia ya moto na chuma ambayo hao watani hawajawahi kuiulizia. Wafipa walijenga ilungu, wingi wake malungu: tanuri la udongo la mita 3 hivi kwenda juu, lenye matundu chini yaliyopachikwa mirija ya udongo. Halikuvukutwa. Moto ulipopanda, hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu yale, na moto ukala mawe na makaa usiku na mchana. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na mavi yake, kwa hiyo kikapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambalo sasa lilivukutwa kwa mivukuto, kikasafishwa hadi mhunzi akafua jembe. (Sisemi ilungu ni jeti. Nasema fundi wake alimwelewa adui yule yule, moto, aliyewashinda mafundi wa Jumo.) Padri Wyckaert aliandika kuhusu wahunzi hawa mwaka 1914, baadaye Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akayafukua malungu yao na kuyapima.

Mtaniambia mafundi wale walikuwa na dawa na miiko yao. Kweli kabisa, walikuwa nayo. Ila ilungu lililojengwa kwa udongo mbaya lilipasuka, dawa iwepo isiwepo, na wao walilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana udongo waliuchagua. Kilichowamaliza ni majembe ya bei rahisi kutoka ng'ambo pamoja na utawala wa kigeni. Hakuna aliyeficha siri.

Ninyi mnaosubiri wazee watoe uchawi hadharani, mnajua "rubani" wenu ni nani? Ni bibi aliyeachwa peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Katika mikoa kadhaa ya nchi hii vikongwe kama yeye wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho hayo.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza kama nimekuja na ungo, namtolea tiketi ya basi asome nauli.