Leseni ya Mjini, Tope la Mbulu

Kila Desemba nikienda nyumbani najua nitazikuta: Vitz, IST, Passo, na Mark II moja au mbili, zimekaa kando ya barabara ya kupandisha Mbulu kama kuku walionyeshewa. Wenyewe ni vijana kama mimi na wewe. Gari bado linanukia upya, muziki uko juu, leseni safi iko mfukoni, mama anasubiri Krismasi. Halafu mvua imepiga usiku kucha, na ule udongo mwekundu uliokuwa vumbi juzi, leo ni sabuni.

Sasa nawauliza wenzangu wa Arusha na Dar: ni nani aliyewahi kukufundisha gari likiteleza ufanye nini? Mimi nilifundishwa alama za barabarani, kurudi nyuma katikati ya mapipa, na kuondoka kwenye mlima bila gari kurudi. Kuteleza hakukuwemo. Nimewauliza rafiki zangu, wote jibu ni lile lile. Tunapewa leseni ya kuendesha kwenye lami kavu saa nne asubuhi, basi.

Elimu yenyewe ipo, jamani. Iko Dareda, Dongobesh, Haydom na Katesh, vichwani mwa madereva wa mabasi na malori walioanza kama utingo, wakishuka kwenye tope kuweka jiwe nyuma ya tairi. Kuna siku nilikaa kiti cha mbele tukishuka kutoka Dongobesh kuja Dareda, pale barabara inapouacha uwanda wa juu wa Mbulu na kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Dereva aliweka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, wala hakusubiri afike katikati. Kwenye kona moja mkia wa basi ukaanza kutuacha. Abiria tukapiga kelele. Yeye akainua mguu kwenye mafuta, akapeleka usukani upande ule ule ambao mkia ulikuwa unaukimbilia, kidogo tu, na basi lilipoanza kunyooka akaurudisha haraka. Breki hakuigusa kabisa. Macho yake yalikuwa barabarani, kule anakotaka kwenda, si kwenye korongo tulilokuwa tunalitazama sisi wengine.

Nilipomuuliza baadaye alicheka tu. Lakini sababu yake inaeleweka. Tairi inagusa ardhi kwa sehemu ndogo, kama kiganja hivi, na mshiko wake (si ule wa mfukoni) una kiwango. Kiwango hicho hicho ndicho kinatumika kufunga breki, kukata kona na kuongeza mwendo. Ukivitaka vyote kwa pamoja kwenye tope, unakosa vyote. Ukikanyaga breki mpaka tairi zikagoma kuzunguka, usukani unabaki pambo. Kwenye gari lisilo na ABS dawa ni kuachia breki tairi zizunguke tena, kisha ukanyage taratibu. Lenye ABS, kanyaga na ushikilie. Pedali ikitetemeka usishtuke, ndiyo kazi yake.

Na magari hayafanani. Vitz nyingi zinavutwa na tairi za mbele, kwa hiyo pua ndiyo hugoma: unakata kona, gari linaendelea mbele. Wengi hapo huongeza kukata, wakati inatakiwa upunguze mafuta na kulegeza usukani kidogo mpaka tairi zishike. Mark II nyingi zinasukumwa na tairi za nyuma, mkia ndio hukukimbia. Nanyi wenye fowili msicheke sana. Fowili inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama.

Msidhani pia kwamba ukibaki Hanang, kwenye lami ya Babati kwenda Singida, umepona. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa, barabara ikazibwa. Lile lilikuwa janga la aina yake. Lakini hata siku za kawaida malori yanayotoka mashambani huacha tope juu ya lami, na mvua ya kwanza ikigusa hapo, lami inateleza vibaya.

Kuna wenzetu ambao kuteleza ni somo. Norwe, nchi walikotoka wamisionari walioanzisha hospitali ya Haydom mwaka 1955, hupati leseni ya gari bila kupita kwenye uwanja wa utelezi. Ila walijifunza jambo moja kwa gharama. Zamani walifundisha vijana ufundi wa kulirudisha gari barabarani, na utafiti ukaonyesha kwamba vijana wa kiume waliofundishwa hivyo walipata ajali zaidi. Walijiona mafundi, wakaongeza mwendo. Siku hizi lengo kubwa la somo ni mwanafunzi aone mwenyewe jinsi gari linavyomshinda, hata kwa mwendo anaodhani ni mdogo.

Mimi nataka hilo hapa. Hatuhitaji uwanja wa mamilioni. Mvua ya Mbulu, kiwanja tambarare, gari la zamani, na mmoja wa wazee hawa wa Dongobesh alipwe posho kama mwalimu mwingine yeyote. Nusu siku tu kabla ya leseni.

Kama mwaka huu unakuja hivyo hivyo, angalia tairi kabla hujatoka mjini. Kipara kinachokutosha Sinza hakifiki Dongobesh. Na ukikuta Dareda mvua imenyesha, gari liache chini, upande basi. Omba kiti cha mbele, uangalie miguu ya dereva.