MKONO AU MASHINE?



Wako wenzetu wasemao kwamba kumpa mgonjwa pumzi kwa mfuko wa kukamuliwa kwa mkono ni mambo ya kale, na hospitali inunue mashine tu. Sisi hatukubali.

Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliingia mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine moja kubwa ya kupumulia na sita ndogo za kifuani. Katika wagonjwa 31 wa kwanza walioshindwa kupumua, walikufa 27. Ndipo Daktari Bjørn Ibsen akashauri mgonjwa atobolewe koo, atiwe mpira, na hewa isukumwe kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari kama 1,500 wakashika zamu usiku na mchana wakikamua mifuko, na vifo vikapungua sana.

Lakini tusidanganyane. Mkono huchoka. Mtu mwenye hofu hukamua upesi mno na kwa nguvu mno, hewa ikaingia tumboni au ikaumiza mapafu. Mashine hutoa pumzi za kipimo kimoja, na muuguzi apata nafasi ya kufanya kazi nyingine. Kwa mgonjwa wa siku nyingi, mashine ni bora.

Hata hivyo mashine yataka umeme, fundi, na mtu aliyefundishwa kuitazama. Sisi wa reli twajua: treni ina breki za hewa, na juu ya hayo behewa lina breki ya mkono. Moja haiondoi nyingine.

Mwenzetu akiumia karakana akaacha kupumua, ubongo hauwezi kungoja mashine. Dakika chache tu humharibu. Mfuko ujazao hewa wenyewe umekuwako tangu 1956, nao hautaki umeme. Mtu mzima hupewa pumzi moja kila sekunde 6, kifua kiinuke tu, basi.

Kwa hiyo twadai mfuko huo uwe katika kila zahanati ya kazini na kila gari la wagonjwa, na watu wa kila zamu wafundishwe kuutumia, tena wakumbushwe kila mwaka. Na wakubwa wakituonyesha mashine mpya, tuwaulize: nani ataitazama usiku? Na umeme ukikatika, mfuko uko wapi?

Mashine na ije, twaikaribisha. Lakini isichukue fedha za kumfundisha mtu.

Umoja ni nguvu.