Jogoo naye yumo katika ganda la yai

Jumapili hii tuingie bandani. Mama mmoja wa Rusimbi, mjini Kigoma, anafuga kuku 12 nyuma ya nyumba yake, na fedha ya mayai ndiyo inunuayo madaftari ya watoto. Miongoni mwa kuku hao yumo mtetea ambaye mayai yake huwa na ganda jembamba, mengine laini kama ngozi. Wenzake hula pumba ile ile na dagaa wale wale, na mayai yao hufika sokoni salama. Mama alikuwa amekwisha kata shauri: mtetea atachinjwa sikukuu, lakini jogoo kijana aliyeanguliwa katika yai lake mojawapo lililonusurika atabaki kuwa baba wa banda, kwa kuwa ana umbo zuri. Nilimwomba aliahirishe shauri hilo la pili.

Ganda la yai ni chokaa karibu tupu. Sehemu 95 hivi katika kila 100 ni kabonati ya kalsiamu. Yai hukaa katika tumbo la uzazi la kuku kwa muda wa saa 20 hivi likivikwa ganda, na kila yai humgharimu mtetea gramu 2 hivi za kalsiamu. Chakula kisipotosha, huichota katika mifupa yake mwenyewe. Kwa hiyo banda zima likianza kutaga mayai mabovu kwa wakati mmoja, tusiwasingizie wazazi. Tutazame kwanza chakula, joto na maradhi, hasa kideri, ambacho huyalainisha maganda na kuyapotosha umbo. Watu wa Kigoma hawana udhuru wa kukosa chokaa, maana makombe ya konokono wa ziwani yanaokotwa ufukoni bure. Yaoshwe, yapondwe vipande vidogo na kuwekwa katika chombo cha peke yake. Mtetea anayehitaji atajipimia mwenyewe.

Lakini anapokuwa mmoja tu, tena mwezi hata mwezi, shaka la urithi huingia. Chokaa peke yake haifanyi ganda. Zipo protini zinazoipanga ikawa ukuta mgumu, na kila protini hutengenezwa kwa maagizo yaliyomo katika vinasaba. Mwaka 2004 wanasayansi walitangaza kwamba wamevisoma karibu vinasaba vyote vya kuku, na tangu hapo imeonekana kwamba badiliko dogo katika maagizo hayo huweza kwenda pamoja na ganda kuwa nene au jembamba. Mabadiliko ya namna hiyo hutokea yenyewe, kisha hurithishwa.

Hapo ndipo jogoo anapoingia. Yeye hatagi, hivyo hakuna awezaye kuuona upungufu wake kwa macho; hata hivyo nusu ya vinasaba vya kila binti yake vimetoka kwake. Mtetea mbovu huharibu vifaranga wake wachache. Jogoo mmoja bandani ni baba wa wote.

Si kila badiliko ni hasara. Kuku wa kishingo, ambao watoto wetu huwacheka kwa shingo yao isiyo na manyoya, wamepata sura hiyo kwa badiliko la kinasaba. Mwaka 2011 watafiti walieleza kwamba kipande cha kromosomu moja kilihamia katika nyingine. Aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Aliyerithi kwa wote wawili shingo huwa karibu tupu. Kuku aliyezidiwa na joto hula kidogo na kuhema sana, na kwa kuhema hupoteza hewa ya kaboni ambayo mwili ungeitumia kutengenezea ganda. Kishingo hupoa upesi zaidi, ndiyo maana mara nyingi hutaga vizuri kuliko wenzake penye joto kali. Mimi nisingemcheka.

Mama aliniuliza kama nina hakika kwamba mtetea wake ana kasoro ya kuzaliwa. Sina. Huenda aliugua akiwa kifaranga na tumbo lake la uzazi likaharibika, jambo ambalo halirithiwi. Ila kumkosea jogoo mmoja ni hasara ya kitoweo, na kumwacha huenda ikawa hasara ya miaka. Nilimshauri awafunge watetea nyuzi za rangi miguuni, aandike kwa mwezi mmoja yupi ametaga yai la namna gani, kisha aatamishe mayai ya wale wa ganda gumu tu. Jogoo amtafute kwa jirani, naye auliziwe mayai ya mama yake kabla ya kusifiwa upanga wake.

Amekwisha mpata, mtaa wa pili, mtoto wa kishingo. Sikukuu ikifika, basi, watachinjwa wawili.