Tuupokee Mwaka na Jirani

Akina mama wenzetu, tarehe 31 Desemba wengi wetu tutakesha kanisani, na asubuhi yake sufuria za pilau zinatungoja. Ni furaha, ingawa mgongo wa mama ndio unaoijua! Wavulana nao wamenye vitunguu.

Lakini yuko jirani aliyefiwa na mumewe mwaka huu. Tusimpelekee sahani iliyofunikwa kisha tukarudi zetu. Tumwite aketi nasi mezani, yeye na watoto wake. Baba asome Zaburi ya 90, sala ya Musa, ambayo haifichi kwamba siku zetu ni chache na zina taabu. Mwenzetu akilia, tusimnyamazishe. Na habari ya sare na madaftari ya Januari tumwulize faraghani, kabla shule hazijafunguliwa.