Programu Nzima, Isiyodai Bando

Katika mabishano yasiyokwisha baina ya watu wa kompyuta juu ya mfumo upi kati ya Windows, macOS na Linux ulio sahali zaidi katika kusakinisha programu, liko sharti moja ambalo hakuna anayejisumbua kulitaja kwa kuwa kila mmoja huliona limekwisha kutimia, nalo ni kwamba kompyuta inayozungumzwa imeunganishwa na intaneti isiyokatika wala kuhesabiwa. Ukilichukua sharti hilo hadi nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo, ambako mtu hununua bando kwa kipimo, na ambako umeme, ijapokuwa gridi ya Taifa imekwisha kufika baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, haujaacha kukatika, hukumu yote hupinduka.

Kwa muundo wake, sijaona utaratibu ulio bora kuliko ule wa Linux. Debian, iliyoasisiwa mwaka 1993, na Ubuntu, iliyochipuka kutoka kwayo mwaka 2004, zina ghala la programu maelfu kwa maelfu zilizokaguliwa na kutiwa sahihi. Mtumiaji hutaja aitakayo, na mfumo wenyewe huileta pamoja na visaidizi vyake vyote, kisha huihuisha pamoja na nyingine zote kwa amri moja. Microsoft nayo ilifungua duka lake katika Windows 8 mwaka 2012, ithibati tosha kwamba wazo lilikuwa jema. Ama macOS, ambako aghalabu mtu hukokota alama ya programu hadi kwenye folda yake na kazi ikaisha, wepesi wake hauna shaka. Lakini kompyuta za Apple ni adimu huku kwa bei yake, basi na tupite.

Sasa ingia katika steshenari yoyote ya mjini Kasulu, umwone mwalimu wa sekondari aliyetoka Kibondo na kompyuta mpakato ya mtumba kwapani. “Fundi, habari za kazi? Naomba unipigie Windows, uniwekee na vile vitu vyote.” “Usijali, mwalimu, njoo saa kumi uichukue.” Fundi hutoa flashi mbili: moja ina Windows, na ya pili ina folda iliyosheheni draiva, kivinjari, kisomaji cha PDF, WinRAR, Office, na VLC ambayo faili lake zima halifiki megabaiti 50. Hakuna bando linaloliwa hapo. Fundi huyo huyo akijaribu kuweka programu ya Ubuntu kutoka kwenye flashi, huambiwa kuwa maktaba fulani, yaani kimojawapo cha visaidizi vyake, haipo, na akiitafuta, maktaba hiyo nayo hudai nyingine, na ile nyingine hudai ya tatu. Ghala lile lenye fahari yote, likiwa mbali, ni mzigo. Alhasili Windows imeshinda Kasulu kwa sababu tu faili lake hubebeka mfukoni.

Ushindi huo una doa. Flashi inayopita katika kompyuta za watu wengi hubeba na virusi vyao, na Office ya bure aghalabu imevunjwa kufuli kwa kijiprogramu ambacho, kabla ya kuanza kazi, huagiza antivirus izimwe. Na mtu akaizima kwa mkono wake mwenyewe!

Na hata sifa ile ya kubebeka inaanza kuondoka. Chrome ya Windows, kwa desturi, hupakuliwa kama kijifaili kidogo ambacho kazi yake ni kwenda kuivuta iliyobaki, na faili zima lipo lakini hulioni mpaka ulitafute. Windows 11 ya nyumbani hudai intaneti na akaunti ya Microsoft tangu siku ya kwanza, na hudai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mitumba mingi ya zamani haina, hali msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwalimu wetu, basi, atasukumwa kwenye Linux apende asipende.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya kufanywa. Ubuntu ilikuwa ikituma CD zake kwa posta bila malipo hadi mwaka 2011, na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Leo ghala la toleo moja la Debian hunakiliwa kihalali na kuenea katika diski ya terabaiti moja, nafasi ikabaki. Diski kama hiyo ikiwekwa katika Chuo cha Ualimu Kasulu, na nyingine Kibondo, na nakala mpya ikaja kwa basi kila baada ya miezi michache, mafundi wangechota humo kama wanavyochota katika flashi zao, bila virusi wala wizi.

Nanyi mnaotunga programu za shule na ofisi huko Dar es Salaam, igeni LibreOffice, ambayo faili lake la Windows, lenye megabaiti zipatazo 350, huja likiwa kamili: wekeni faili zima kwenye ukurasa wa kwanza, na ukubwa wake mkauandike kando, ili mtu ajue ni bando gani la kununua kabla hajabofya.