Wauza nguo wa Maili Moja ndio wanaoishikilia Instagram

Ndugu mwandishi, umepima uhai wa Instagram kwa vijana wanaohamia TikTok. Huku Pwani mimi ningeupima kwa wauza nguo wa Maili Moja, Kibaha. Mteja anaona gauni kwenye picha, anaulizia bei, analipa kwa simu, bodaboda anamletea. Fremu ya duka ina kodi ya kila mwezi, ukurasa hauna. Programu iliyoanza 2010 na kununuliwa na Facebook 2012 kwa dola bilioni 1 haitakufa leo wala kesho, maana watu wanakula kupitia hiyo.

Kinachoniuma ni picha zenyewe. Wengi wetu tulijazana kwenye mtandao wa Hi5 zamani zile. Picha zetu za shule na harusi ziko wapi leo? Sasa vijana wanakwenda Kisarawe, msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, wanapiga picha nzuri kweli za miti na mapango, wanazipandisha mtandaoni, kisha wanazifuta kwenye simu ili wapate nafasi. Jamani, wekeni nakala kwenye flashi. Na zile za wazee wetu, zipelekeni studio zikasafishwe, wangali hai wazione.